Zana za Darasani na Lugha ya Mtoto: Historia ya Vyombo vya Kufundishia kutoka Suam hadi Bungoma

Suala la wanafunzi wanaobaki nyuma masomoni si geni katika Afrika ya Mashariki, na kila kizazi kimelitafutia dawa yake. Katika miaka ya 1940 dawa ilikuwa kitabu cha lugha moja iliyosanifishwa. Katika miaka ya 1960 na ya 1980 ilikuwa redio. Katika miaka ya 1990 ilikuwa kitabu cha kiada na chati ya ukutani. Na baada ya mwaka 2013 ikawa kishikwambi. Kila mara chombo kipya kililetwa kwa matumaini makubwa, na kila mara ilikuja kudhihirika kwamba baadhi ya watoto walifaidika nacho na wengine wakabaki pale pale walipokuwa. Swali linalomhusu mwanahistoria wa elimu, basi, si kama vyombo hivyo vilikuwa vizuri au vibaya. Swali ni watoto gani walioachwa nyuma, na kwa sababu gani.

Makala haya yanakusudia kulichunguza swali hilo kwa kuliangalia eneo moja la magharibi ya Kenya, yaani nchi inayoanzia mpakani Suam, ikapitia Kitale na kuteremka hadi Bungoma. Eneo hili limechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, lugha zake ni nyingi na zimechanganyika kwa namna ambayo humlazimu mwalimu kufanya uamuzi wa lugha kila anapofungua kinywa. Pili, Bungoma na majirani zake ni miongoni mwa mahali palipofanyiwa majaribio makini ya elimu katika bara la Afrika, na matokeo yake yanatuwezesha kusema kwa ushahidi yale ambayo kwingineko husemwa kwa kukisia tu. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba chombo cha darasani hakimfikii mtoto moja kwa moja. Humfikia kwa kupitia lugha anayoielewa, kiwango alichokifikia na mwalimu aliye mbele yake. Palipokosekana kimojawapo cha hivyo vitatu, chombo kiliwasaidia wale waliokuwa tayari mbele.

1. Mahali na lugha zake

Mto Suam huanzia katika Mlima Elgon, ukawa sehemu ya mpaka wa Kenya na Uganda, kisha ukateremka kuelekea kaskazini, ambako hujulikana kwa jina la Turkwel hadi unapoingia katika Ziwa Turkana. Miteremko ya mlima ni makao ya Wasabaot. Kaskazini wako Wapokot. Kusini, katika nchi ya Bungoma, Lubukusu ndiyo lugha ya wengi. Kati ya pande hizo ipo Trans Nzoia, ambayo baada ya Vita Kuu ya Kwanza iligawiwa walowezi wa Kizungu, wakiwamo askari waliostaafu. Reli ilifika Kitale mwaka 1926, na mji ukakua kwa biashara ya mahindi. Wafanyakazi wa mashamba walitoka makabila mbalimbali. Na baada ya uhuru wa mwaka 1963, mashamba yalipogawanywa, walikuja walowezi wapya wa Kiafrika wenye lugha zao.

Matokeo yake ni kwamba eneo hili, ambalo mtu anaweza kulivuka kwa gari katika muda wa saa chache, lina hali tatu za lugha zinazotofautiana. Katika vijiji vya Bungoma mtoto huja shuleni na Lubukusu. Mlimani huja na Kisabaot. Mjini Kitale na katika makazi mapya ya Trans Nzoia, ambako jirani wa huyu haisemi lugha ya yule, Kiswahili ndicho kiungo cha uwanjani, sokoni na mara nyingi nyumbani. Sera yoyote inayomtazama mwanafunzi wa Kenya kana kwamba ni mmoja haiwezi kuwatosha watoto wa hali hizi tatu.

2. Kitabu na lugha yake

Chombo cha kwanza cha elimu ya kisasa katika nchi hii kilikuwa kitabu. Wamisheni wa Friends, waliofika Kaimosi mwaka 1902 na baadaye wakaeneza kazi yao hadi nchi ya Wabukusu, walifundisha kusoma kwa sababu kusoma kulikuwa ndio mlango wa dini. Lakini kitabu chahitaji lugha, na kuchapa ni ghali. Kwa hiyo katika miaka ya 1940 iliundwa kamati ya kusanifisha lugha moja ya Kiluyia ambayo ingetumiwa na jamii zote za Waluyia, kubwa na ndogo. Mtaalamu wake mkuu alikuwa mmisheni L. L. Appleby, ambaye sarufi yake ya Kiluyia ilitolewa mwaka 1947.

Nia ilikuwa njema na hesabu ilikuwa sahihi: kitabu kimoja kwa wasomaji wengi hugharimu kidogo kuliko vitabu vingi kwa wasomaji wachache. Hata hivyo Wabukusu wengi hawakuikubali lugha hiyo kuwa yao, na wakadai vitabu vya Lubukusu. Upinzani huo umezoea kuelezwa kama suala la fahari ya kabila. Ulikuwa pia suala la elimu. Mtoto wa Bungoma aliyepewa kitabu cha Kiluyia sanifu alitakiwa kujifunza mambo mawili kwa wakati mmoja, herufi na lahaja ya watu wengine, na yote mawili yakaitwa kusoma. Hapa ndipo inapoonekana kwa mara ya kwanza kanuni itakayojirudia katika historia hii yote: kinachopunguza gharama ya chombo huweza kuongeza mzigo wa mtoto.

Mwaka 1957 kilianzishwa Nairobi kituo maalumu kilichoandaa mbinu mpya ya kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Mbinu hiyo ilianzia katika shule za watoto wa Kiasia, ikaenea haraka katika shule za Waafrika, na Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ikaiunga mkono. Mwanzoni ilifanya vizuri, kwa sababu madarasa yake yalikuwa na vitabu, picha na walimu waliopewa mafunzo ya pekee. Ilipoenezwa nchi nzima, lugha ilienea lakini walimu wale na zana zile hazikuenea kwa kiasi kile kile. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilirudisha pendekezo kwamba madarasa matatu ya mwanzo yafundishwe kwa lugha ya eneo la shule. Kwa kijiji cha Bungoma pendekezo hilo lilimaanisha Lubukusu. Kwa Kitale lilimaanisha Kiswahili. Hata hivyo mtihani wa mwisho ulikuwa kwa Kiingereza, na wazazi na walimu wengi waliendelea kukimbilia lugha ya mtihani.

3. Redio

Redio ilikuwa na sifa moja ambayo kitabu hakikuwa nayo: iliweza kufika kabla ya barabara. Mwaka 1967 Chuo Kikuu cha Nairobi, wakati huo kikiwa bado chuo kishiriki, kilianzisha huko Kikuyu kitengo cha masomo kwa njia ya posta na redio. Wanafunzi wake walikuwa walimu wa shule za msingi wasiokuwa na sifa za kutosha, ambao wangeweza kujiendeleza bila ya kuyaacha madarasa yao. Uamuzi huu ulikuwa wa busara, kwani chombo hakikuwekwa mahali pa mwalimu bali kiliwekwa nyuma yake ili kimwimarishe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 redio iligeuzwa upande wa watoto. Mradi wa majaribio uliofadhiliwa na Marekani, ukishirikiana na Taasisi ya Elimu ya Kenya, uliandaa masomo ya Kiingereza ya nusu saa kwa kila siku ya shule, kwa madarasa ya 1 hadi 3. Mfano wake ulitoka Nicaragua, ambako katika miaka ya 1970 hesabu ilikuwa imefundishwa kwa njia hiyo. Jambo jipya halikuwa redio yenyewe. Jipya lilikuwa ni kimya kilichoachwa makusudi ndani ya kipindi. Sauti iliuliza, ikanyamaza kwa nukta chache. Watoto wakajibu kwa pamoja, wakaimba, wakanyanyua mikono au kuandika. Kisha sauti ikatoa jibu. Mtoto wa mwisho darasani alitamka Kiingereza mara nyingi kwa siku moja, jambo ambalo katika darasa la kawaida, ambamo mwalimu huuliza na mmoja akajibu, lingemchukua majuma.

Tathmini zilionyesha kwamba watoto wa masomo hayo waliwapita wenzao katika kusikiliza na kusoma Kiingereza. Yafaa kutambua sababu. Waandaaji wa vipindi hawakudhani kwamba mtoto anaijua lugha. Waliijenga lugha hiyo hatua kwa hatua, kila somo likisimama juu ya lile la jana. Redio ilifaulu kwa kuwa ilianzia mtoto alipo. Lakini ulipokwisha muda wa mradi katikati ya muongo huo, kazi hiyo haikuenezwa kwa nguvu ile ile. Betri, ratiba za matangazo na kuwaongoza walimu vyote vilihitaji bajeti ya kudumu, na mwaka 1985 nchi ilikuwa imeingia katika mabadiliko makubwa ya mfumo wa 8-4-4. Mabadiliko hayo yalikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi. Kwa mtoto wa Suam huo ulikuwa ushindi na mzigo pia: alipata lugha ya pili ya kusomea ambayo alikwisha kuisikia sokoni, lakini akawa na lugha tatu za kuzimudu kabla ya kutimiza miaka kumi.

4. Vitabu vya kiada na chati

Kuanzia katikati ya miaka ya 1990, wachumi wa Marekani na Ulaya, wakiongozwa na Michael Kremer, walianza kufanya majaribio katika shule za Busia na Teso, magharibi ya Bungoma, kwa kushirikiana na shirika la hisani la Kidachi. Njia yao ilikuwa ya kura: shule zilichaguliwa kwa bahati, baadhi zikapewa chombo na nyingine zikasubiri, kisha zikalinganishwa. Kremer alishiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 kwa kazi ya namna hii.

Jaribio la vitabu vya kiada lilihusu shule 100. Ilitarajiwa na karibu kila mtu kwamba vitabu vingeinua alama za wanafunzi wote, kwa kuwa katika madarasa mengi kitabu kimoja kiligawanywa kwa watoto kadhaa. Haikuwa hivyo. Waliofaidika ni wale waliokuwa na alama za juu kabla ya vitabu kufika. Kwa waliosalia hapakuwa na tofauti iliyopimika. Watafiti waliitaja sababu ambayo wataalamu wa lugha wangeitarajia: vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa wengi wa watoto hao kilikuwa lugha ya tatu, na viliandikwa kwa kiwango cha mwanafunzi bora wa mjini. Kitabu kilifika mikononi bila ya kufika akilini.

Jaribio la chati za ukutani lilihusu shule 178, nusu yake zikapewa chati za sayansi, afya, hisabati na jiografia. Hili lina funzo la pili. Watafiti walipozilinganisha kwa kawaida shule zenye chati na zisizo nazo, chati zilionekana kuinua alama kwa kiasi kikubwa. Walipozilinganisha shule zilizochaguliwa kwa kura, faida hiyo ilitoweka. Maana yake ni kwamba shule zilizojinunulia chati zilikuwa tayari ni shule bora, na chati ilisifiwa kwa kazi iliyofanywa na mwalimu mkuu mwenye bidii na wazazi wenye uwezo. Ni dhahiri kwamba sifa nyingi ambazo zana za darasani zimepewa katika historia ya elimu yetu ni za namna hiyo.

5. Bungoma, 2005

Mwaka 2003 serikali ilifuta karo katika shule za msingi za umma. Idadi ya wanafunzi nchini ilipanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2 katika mwaka mmoja. Waliokuja ni watoto ambao hapo awali umaskini uliwazuia, na wengi wao walikuwa wa kwanza katika jamaa zao kukaa darasani. Darasa la kwanza likajaa watoto wa umri na maarifa mbalimbali, huku kitabu na mtaala vikibaki vilivyokuwa.

Katika hali hiyo Esther Duflo, Pascaline Dupas na Kremer walifanya mwaka 2005 jaribio katika shule 210 za Bungoma na Butere-Mumias. Shule 140 zilipewa fedha za kuajiri mwalimu wa ziada wa mkataba, na wastani wa darasa la kwanza ukashuka kutoka watoto 82 hadi 44. Matokeo yaliwashangaza wengi. Watoto waliobaki na walimu wa kawaida hawakupanda kwa kiasi kinachopimika, ingawa darasa lao lilipungua karibu nusu; waliofundishwa na walimu wa mkataba walipanda, ijapokuwa walimu hao walilipwa robo tu ya mshahara wa kawaida. Nafasi darasani, kama kitabu, haikumfundisha mtoto yenyewe.

Sehemu nyingine ya jaribio ndiyo inayohusu hoja yetu zaidi. Katika shule 60 watoto waligawanywa kwa kufuata kiwango chao cha mwanzo. Katika 61 waligawanywa kwa bahati. Hofu ya walimu na wazazi ilikuwa kwamba walio chini wangezidi kudidimia kwa kukosa wenzao wenye nuru. Baada ya miezi 18 ilidhihirika kwamba makundi yote mawili, la juu na la chini, yaliyapita yale ya mchanganyiko. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba mwalimu aliyekuwa na kundi la kiwango kimoja aliweza kufundisha kwa kiwango hicho, badala ya kufuata mtaala unaomtazama mwanafunzi wa mbele.

Ni muhimu kuelewa matokeo hayo yanavyombadilisha mtoto anayeitwa mzito. Mtoto yule yule, wa kijiji kile kile, bila ya kishikwambi wala chati, alijifunza zaidi mara somo lilipoanzia alipo. Basi uzito haukuwa wake. Ulikuwa wa umbali kati yake na somo. Wala haifai kusahau kwamba umbali huo una sababu nyingine zisizo za darasani. Kati ya mwaka 2006 na 2008, mapigano ya ardhi katika Mlima Elgon yaliwahamisha watu kwa maelfu na kuzivuruga shule za mlimani. Mtoto aliyepoteza mwaka mzima alirudi akakuta darasa limeendelea bila ya kumngoja.

6. Lubukusu, Kiswahili na kishikwambi

Katika mwaka 2013 na 2014 mradi wa kusoma wa madarasa ya mwanzo ulijaribiwa Bungoma kwa Lubukusu na Machakos kwa Kikamba, sambamba na shule zilizotumia mbinu ile ile kwa Kiingereza na Kiswahili pekee. Watetezi wa lugha za kwanza wapaswa kuyasoma matokeo yake kwa utulivu. Watoto waliofundishwa kusoma lugha yao waliisoma vizuri zaidi, na tofauti hiyo ilikuwa kubwa. Lakini katika muda huo mfupi hawakuwapita wenzao katika Kiingereza wala Kiswahili, na katika hisabati walikuwa nyuma kidogo. Matokeo hayo hayaivunji hoja ya lugha ya mtoto, yanaiwekea mipaka. Kusoma kwa lugha ya kwanza ni faida yenyewe, lakini faida hiyo haihamii katika lugha nyingine kwa kupita muda tu. Kuhamisha huko kunapaswa kufundishwa, kwa vitabu vinavyozihusisha lugha hizo na kwa walimu waliofunzwa kuvuka kutoka moja hadi nyingine.

Wakati huo huo kishikwambi kilikuwa njiani. Mwaka 2013 iliahidiwa kwamba kila mtoto wa darasa la kwanza angepata kompyuta yake. Zabuni ya kwanza iliishia mahakamani, na mpango ulipoanza kutekelezwa mwaka 2016 kwa majaribio katika shule 150, chombo kilikuwa kimekuwa kishikwambi kilichounganishwa kwa ushirikiano wa vyuo vikuu viwili vya Kenya na kampuni za nje. Katika miaka iliyofuata vifaa zaidi ya milioni moja vilipelekwa shuleni, na umeme ukatangulizwa katika shule nyingi ambazo hazikuwahi kuupata. Hiyo ni faida isiyopaswa kubezwa.

Lakini jaribio lililofanywa Kisumu kabla ya hapo lilikuwa limekwisha kutoa onyo. Shule za kundi moja zilipewa visomeo vya kielektroniki kwa wanafunzi, za kundi la pili vishikwambi kwa walimu, na katika kundi la tatu vishikwambi walipewa maofisa wanaowatembelea walimu. Makundi yote matatu yalipanda, lakini hapakuwa na tofauti kubwa kati yao, ilhali gharama zilitofautiana sana. Kwa hiyo mpango wa Tusome, ulioenezwa nchini kuanzia mwaka 2015, ulimpa mtoto kitabu cha Kiingereza na cha Kiswahili, ukampa mwalimu mwongozo, na kishikwambi ukampa ofisa ili kimsaidie kumwona mwalimu akifundisha na kumshauri. Hilo ni wazo la mwaka 1967 katika umbo jipya: chombo nyuma ya mwalimu. Na mwezi Machi 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19, nyumba nyingi za vijijini zilirudi tena kwenye redio.

7. Hitimisho

Historia hii ya miaka themanini haimpi mtu ruhusa ya kuvidharau vyombo. Redio ya miaka ya 1980 ilifundisha, na vitabu vya Tusome vilisomwa. Vilivyofaulu vilikuwa na jambo moja kwa pamoja: kabla ya kutengenezwa, kulikuwa na mtu aliyeuliza mtoto anajua nini na kwa lugha gani. Vilivyoshindwa vilianzia upande wa pili, yaani kwenye chombo, vikamtaka mtoto avifuate.

Kutokana na hayo, sehemu kubwa ya kazi iliyobaki ni ya idara za lugha. Wizara inaweza kununua vishikwambi, lakini haiwezi kununua orodha ya maneno ya Kiswahili ambayo mtoto wa Kitale huja nayo shuleni akiwa na miaka sita, kwa sababu orodha hiyo haiuzwi popote, sharti ikusanywe. Vivyo hivyo hadithi za Lubukusu na Kisabaot zilizopangwa kwa viwango vya usomaji, pamoja na mazoezi ya kumvusha mtoto kutoka lugha hizo hadi Kiswahili ambacho, kama Lubukusu, ni lugha ya Kibantu yenye ngeli na viambishi vinavyofanana navyo kwa sehemu kubwa. Kwa mtoto wa Kisabaot, ambaye lugha yake si ya Kibantu, njia ya kuvuka ni nyingine, na inahitaji kitabu kingine. Kazi hiyo haina sherehe ya kukabidhi wala picha ya gazetini. Lakini isipofanywa, chombo kijacho, kwa jina lolote kitakaloitwa, kitafika Suam na kuwakuta watoto wale wale katika madawati ya nyuma.